Mama Mkwe Aliposema "Hii Si Yangu"

Watu wakiniuliza kama naamini dawa za miti shamba, jibu langu huwachanganya. Nimezinywa tangu utotoni na watoto wangu nimewalea kwa hizo hizo. Huyu wa pili, ambaye leo ni kijana mwenye ndevu, yu hai kwa sababu mwanamke aliyezijua dawa hizo kuliko mtu yeyote kijijini kwetu alijua pia zinapokomea. Mwanamke huyo ni marehemu mama mkwe wangu. Ushuhuda ni wangu, ila nusu yake ni wake.

Niliolewa Muheza, mkoani Tanga, katika kijiji kilicho njia ya kupandia Amani. Huku chini kwetu ni michungwa na minazi, huko juu ni iliki na chai. Mama mkwe alikuwa mkunga wa jadi na mtu wa dawa za watoto. Ramli hakupiga, na aliyemwita mganga alijibiwa kwa ukali. Dawa zake zilikuwa uani: mwarobaini karibu na choo, kivumbasi kando ya uzio, mchaichai pale maji ya kuoshea vyombo yalipomwagwa, mpera, mnyonyo, na mshubiri aliouotesha kwenye sufuria iliyotoboka. Alfajiri, kabla hata hajasukutua, mlangoni kuna mama amebeba mtoto.

Nilidhani angeanza kunifundisha majani. Akaanza kunifundisha kutazama. Mtoto akiletwa, hakuuliza anaumwa nini. Alimvua nguo zote, akamlaza kwenye kanga, akamwangalia anavyopumua. Kisha kidole utosini: umebonyea au umejaa? Halafu alifinya ngozi ya tumbo na kuiachia, aone inarudi upesi au inabaki imesimama. Akamaliza kwa kufunua kiganja na kukiweka kando ya kiganja cha mama yake, alinganishe rangi. Miaka mingi baadaye nilipoalikwa kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya wa kijiji, mkufunzi akatuonyesha mambo hayo hayo kwenye chati, nikacheka peke yangu. Bibi yule hakuwa amesoma hata darasa la nne.

Dawa zenyewe hazikuwa na makeke. Dawa ya kikohozi ilikuwa tangawizi iliyopondwa, limau na asali, na kipimo chake kisoda, kizibo cha chupa ya soda alichokihifadhi kwenye mkebe. Mtoto wa tetekuwanga aliogeshwa maji ya vuguvugu yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini, asijikune mpaka akatoka damu. Mwenye mafua alipondewa kivumbasi kitambaani akakaa akikinusa, na jioni vijiti vilivyobaki vilitupwa kwenye makaa kufukuza mbu. Mtoto anayeshtuka usingizini aliogeshwa mwingajini, na hapo nitasema ukweli wangu: sikuwahi kuona umefanya kitu, zaidi ya kwamba mama wa mtoto alilala vizuri. Kwa kuendesha alikuwa na maji ya majani ya mpera, lakini baada ya kuhudhuria kliniki na wajukuu zake aliyasogeza pembeni akashika maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi aliionja kila mara. Alisema ikizidi chumvi ya machozi, mwaga, anza upya.

Alikuwa na miiko yake. Mtoto wa ziwa hakunyweshwa mti. Kama kuna dawa, alipewa mama anywe. Mafuta ya mwarobaini hayakuruhusiwa kufika mdomoni mwa mtoto, na katika hilo hata madaktari wako upande wake, maana kuna watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo wakapata degedege na kupoteza fahamu. Asali nayo, kliniki walimwambia asimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu katika tumbo changa. Alinung'unika wiki nzima, kisha akatii. Na waliokuja wakitaka mtoto akatwe kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichokwisha, au ang'olewe yale yaitwayo meno ya plastiki kwa sababu anaharisha, aliwafukuza. "Mtoto anavuja choo, wewe unataka kumtoboa fizi avuje na damu?" Hilo nililisikia mara nyingi.

Sasa nije kwenye la kwangu.

Ilikuwa mwishoni mwa masika ya mwaka 2005. Baba watoto alikuwa Dar es Salaam kwenye vibarua. Mwanangu alikuwa na miaka miwili, ndiyo kwanza anaunga maneno. Nitaje na hali ya dawa wakati ule, maana vijana wa leo hawaijui. Klorokwini ilikuwa imeondolewa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, ikaletwa SP, nayo huku kwetu Muheza ilikuwa imeanza kushindwa. Dawa mseto tuliiona baadaye, mwaka 2007. Katikati hapo tulikuwa na watoto wenye homa na vidonge vilivyochoka.

Mtoto alipata homa, nikampeleka zahanati, akapewa SP. Homa ikashuka, akala, akacheza. Ikarudi. Mama mkwe akamwogesha mwarobaini, homa ikapungua kidogo kwa ubaridi wa maji, ikapanda tena. Mchana ule akawa mzito, amelala tu mgongoni, kila nikimpa ziwa analitema. Mama mkwe alikuwa kwenye uzazi kijiji cha pili. Nikamtuma mtoto wa jirani akamwite.

Usiku ulipoingia degedege likamkamata. Ambaye hajaliona, naomba asilione. Macho yalipanda juu ukabaki weupe, taya zikafunga, mkono mmoja ukawa unapiga, unapiga, na povu mdomoni. Nilipiga kelele. Nyumba ikajaa watu. Kwa watu wa pwani degedege si homa. Ni dege, ni kitu kinachopita juu usiku na kivuli chake kikamwangukia mtoto. Kwa hiyo kila aliyeingia aliingia na dawa yake. Mmoja akaleta kaniki afunikwe gubigubi. Mmoja akasema akojolewe, upesi, kabla halijamwacha. Mzee mmoja akaenda kwake akarudi na kinyesi kikavu cha tembo kilichofungwa kwenye gazeti, akakimega kwenye chetezo, moshi ukatanda chumba kizima. Na wote, kama waliokubaliana, walisema neno moja: asipelekwe hospitali, mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa.

Imani hiyo haikuwa ya kijiji chetu tu. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliikuta vilevile, sindano ikiogopwa na mavi ya tembo yakifukizwa. Wala wenye kuisema si wajinga. Walikuwa wameona kwa macho yao watoto waliopelekwa hospitali wakachomwa sindano wakafa. Wasichokiona ni kwamba watoto hao walifika baada ya siku mbili za kufukizwa. Sindano ilikuta kazi imekwisha, ikabebeshwa lawama.

Mama mkwe aliingia akiwa bado na harufu ya dettol ya uzazini. Akautoa moshi nje. Akamvua mtoto kaniki, akamlaza ubavu mate yatoke, akampiga mkono aliyekuwa anataka kumpenyeza kijiko katikati ya meno. Akangoja. Degedege likaachia. Akaniambia nisogeze koroboi. Akakifunua kiganja cha mwanangu, akakiweka juu ya changu.

Nimekiona kiganja kile mara nyingi tangu hapo nikifumba macho. Kilikuwa cheupe kama karatasi, hata ile mistari haina wekundu. Akafunua na kope la chini: jeupe. Akauliza amekunywa nini tangu asubuhi. Nikamwambia hajashika kitu.

Akasimama. Watu wakadhani anakwenda uani kuchuma. Akasema, "Hii si yangu. Damu imekwisha huyu. Tafuteni gari."

Yule mzee wa chetezo akamjibu, "Mama, na wewe? Wewe ndiye dawa zetu." Akarudia bila kupaza sauti: "Nimesema si yangu." Wanaomjua walijua mjadala umefungwa.

Gari lenyewe lilikuwa Fuso la machungwa lililokuwa likipakia usiku ili liondoke alfajiri. Dereva alishusha matenga ya mbele, akatupakia, akatupeleka hadi mlango wa hospitali kwenye tope lile, na pesa hakupokea. Simjui jina mpaka leo.

Wodini vitanda vilikuwa na watoto wawili wawili. Daktari alimchoma kidole, akasema malaria kali, sukari imeshuka, damu ni ndogo mno. Wakaanza na sukari kwenye mshipa, kisha kwinini kwenye dripu, itembee polepole. Damu alitoa shemeji yangu aliyekuja na baiskeli usiku ule ule. Kwa sera ya nchi mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure. Kanula na mipira ya dripu tulinunua duka la mbele ya geti. Hilo nalo liandikwe.

Kuna jambo la wodi ile ambalo sijaacha kulifikiria. Nesi wa zamu alipita kitanda kwa kitanda akiuliza kwa sauti ya kukaripia: "Nyie mmempa nini huko? Mmempa miti shamba, eh? Halafu mnatuletea maiti." Kila mama akasema hapana, hata mimi nilianza kutikisa kichwa. Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Nimemwogesha mwarobaini, mwanangu. Wengine wamemfukiza mavi ya tembo. Kinywani hakuingia kitu ila SP ya zahanati." Akasemwa yeye, kwa maneno ambayo mtu wa umri wake hastahili. Akanyamaza mpaka yakaisha, kisha akauliza: "Umeandika?"

Nesi alipoondoka, mama wa kitanda cha pili akatoa chini ya kanga yake chupa ndogo yenye maji meusi. Alikuwa amemnywesha mwanawe mara kadhaa tangu juzi, na mtoto alikuwa amevimba uso na hakojoi. Hakusema kwa sababu ya woga. Mama mkwe aliinusa, akaonja kidogo kwa ulimi, akatema. Akamshika mama yule mkono wakaenda wote wawili kwa daktari. Daktari hakufoka, aliuliza ni mti gani, kiasi gani, lini, akaandika kwenye faili. Laiti lingeulizwa hivyo tangu mwanzo.

Siku moja dripu ikiwa inatiririka, mama mkwe aliuliza ile chupa ina nini. Akaambiwa kwinini. Uso wake ukabadilika. "Ya Amani?" Baba yake alikuwa kibarua Amani, na aliwasimulia wanawe juu ya mkwinini, mti wa magome machungu. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pande zote za dunia, mkwinini ukiwemo, ambao kwao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Vita vya Kwanza vilipowafungia bahari, kwinini ya askari wao ilitolewa kwenye magome hayo. "Kumbe ni mti," akasema. Muuguzi kijana akamjibu, "Ni mti bibi, ila huu umepimwa." Akalipenda sana jibu lile. Alilirudia kijijini mpaka kaburini: ni mti, ila umepimwa. Kama angeishi hadi mwaka 2015 angefurahi zaidi, maana Tu Youyou wa Uchina alipewa tuzo ya Nobel kwa kutoa artemisinini kwenye mmea wa artemisia, na dawa zitokanazo nayo ndizo zilizo ndani ya dawa mseto na ndani ya sindano ya artesunate ambayo siku hizi wanapewa watoto wenye malaria kali badala ya kwinini.

Mtoto alifumbua macho, akanitazama asinijue, kisha akanijua. Tuliporudi nyumbani watu waliimba. Mimi nilikuwa naona yasiyoimbika. Miguu ilikuwa imesahau kutembea, na maneno aliyokuwa ameanza kuyaunga yalipotea. Mkono ule uliopiga ulibaki mlegevu. Daktari alisema malaria ikipanda kichwani huacha alama, nyingine hufutika.

Na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, maana ile ya hospitali nilishirikiana na watu, hii nilibaki nayo peke yangu. Maneno yalianza kisimani: amembemenda mtoto. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa uzito wake. Mtoto akidhoofika kabla hajaachishwa ziwa, mama huambiwa amerudi kwa mume mapema, au ametoka nje, na uchafu wake umemwangukia mwana. Mume wangu alikuwa Dar. Kwa hiyo maneno yalichagua lile la pili. Nilipita njiani vicheko vikikatika. Rafiki yangu wa kusuka naye akaacha kuja. Baba watoto alipopata habari kwa simu ya duka, alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Mama mkwe alimaliza jambo lile kwa njia yake. Alikwenda kisimani asubuhi, wakati wa msongamano, amembeba mjukuu mgongoni, akasema: "Mtoto huyu amelala kwangu na mama yake amelala kwangu. Aliyebemenda ni mbu. Mwenye swali aje kwangu." Kisha akateka maji akaondoka.

Ile miezi iliyofuata ndiyo iliyonifanya nisizitupe dawa za nyumbani hata nilipokuwa na kila sababu ya kuzichukia. Hospitali ilikwisha fanya kazi yake, ikatupa vidonge vya damu na tarehe ya kurudi. Kazi ya kumrudisha mtoto ilikuwa ya uani. Mama mkwe alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi kila jioni, akamchimbia shimo la mchanga amsimamishe ndani yake huku akimwimbia. Majani ya mlonge yalikaushwa kivulini, yakatwangwa, yakachekechwa kwenye uji wa mahindi na karanga. Dagaa nao wakatwangwa. Ubuyu ulikorogwa kuwa maji ya kunywa baada ya chakula, na hilo nalo lina maana yake, kwani uchachu wake una vitamini C inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga. Yeye alisema tu unaamsha ulimi. Mtoto akashika ukuta. Akaachia ukuta. Neno la kwanza kurudi lilikuwa "bibi", nami sikuona wivu.

Leo mwanangu ni fundi wa pikipiki. Mkono wa kulia huchoka haraka, basi. Mama mkwe tumemzika. Alikufa hajasajiliwa popote, ingawa Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002 na lipo Baraza la kuwaandikisha waganga. Nilipomsomea habari hizo aliuliza kama Baraza linajua tofauti ya kivumbasi na mrehani.

Uani kwangu nimepanda alivyovipanda. Wajukuu wakikohoa nasaga tangawizi. Tetekuwanga ikipita, nachuma mwarobaini. Lakini mtoto akipata homa simkisii. Zahanati siku hizi wana kipimo cha haraka, tone la damu kidoleni na jibu baada ya dakika chache, na mara nyingi jibu ni kwamba si malaria. Mtoto anayekohoa nikimwona anapumua mbio, namfunua kifua nahesabu kwa saa ya simu dakika nzima: pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, hapo tangawizi inabaki jikoni tunaondoka. Mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi, tunaondoka bila kuhesabu. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea asiyeamka, aliyeshikwa na degedege, hao si wangu. Jani lenyewe si adui wa mtoto. Kinachomuua ni saa zinazopotea mkichemsha, mkisubiri, mkiambizana mjaribu na hii.

Nimeandika haya kwa ajili ya watu wawili. Wewe mama, au bibi, uliyefika wodini na chupa chini ya kanga: itoe. Taja mti, taja kiasi, taja saa uliyompa, hata ukisemwa. Na wewe nesi au daktari unayepita vitandani usiku umechoka, ninajua umechoka, uliza kwa sauti ambayo mtu anaweza kuijibu.